Ukikata rufaa ya matokeo, unadai kosa gani?

Barua nyingi za kupinga matokeo ya mtihani huanza namna moja. Mtoto amekuwa akishika nafasi za juu tangu madarasa ya chini, mitihani ya majaribio aliifanya vizuri, walimu wote wanamsifu, kwa hiyo daraja alilopewa haliwezi kuwa lake. Huenda kila neno ndani ya barua hiyo ni la kweli. Bado hukwama, kwa sababu aliyeipokea hajaulizwa kama mtoto ana akili. Kazi aliyopewa ni ndogo na kavu zaidi: aifuate njia iliyopitwa na karatasi ile, tangu ilipotoka mikononi mwa mtahiniwa hadi daraja likatangazwa, aone kama kuna mahali utaratibu ulivunjwa au alama ilikosewa. Asipopaona, daraja linabaki palepale, hata kama limeliza nyumba nzima.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, jiulize hivi: unasema nani alikosea, na alikosea nini?

Ili kulijibu, inafaa kuijua safari ya karatasi yenyewe. Mtihani ukiisha, majibu hukusanywa, huhesabiwa na kufungwa. Siku hizi bodi nyingi huyapiga skani, kila msahihishaji akayasoma kwenye kioo cha kompyuta. Kwingine bado ni bahasha na kalamu nyekundu. Kabla ya kusahihisha, wasahihishaji hukalishwa pamoja na mwongozo wa usahihishaji, wanapewa majibu ya mfano, wanabishana mpaka wakubaliane jibu la namna gani linastahili alama ngapi. Kisha kazi inaanza. Alama zinaandikwa kwa kila kipengele, zinajumlishwa, zinahamishiwa kwenye kumbukumbu, karatasi mbili au tatu za somo moja zinaunganishwa, na mwishoni jumla hiyo inawekwa mbele ya mipaka ya madaraja. Kila kituo katika safari hii kina makosa yake ya aina yake. Na ndiyo maana bodi nyingi hazina rufaa moja. Zina milango kadhaa, na anayebisha mlango usio wake hurudishwa bila kusikilizwa vizuri.

Mlango wa kwanza, na wa bei nafuu zaidi, ni uhakiki wa alama. Chukua mfano. Swali la nne lina vipengele vitatu, na pembeni mwa majibu msahihishaji ameandika 3, kisha 4, kisha 2. Kwenye jalada, penye kisanduku cha swali la nne, pameandikwa 7. Ile 2 imesahaulika. Au mtahiniwa aliishiwa nafasi, akaruka kurasa mbili tupu na kumalizia swali la tano kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, na ukurasa huo hauna hata tiki moja. Anayefanya uhakiki huangalia mambo hayo tu: je, kila ukurasa umesomwa, je, jumla ni sahihi, je, tarakimu iliyo kwenye karatasi ndiyo iliyo kwenye kumbukumbu? Haruhusiwi kuuliza kama ile 4 ingepaswa kuwa 5. Watu huudharau mlango huu kwa sababu unaonekana wa kiuhasibu mno, lakini kosa la aina hii halina ubishi. Likionekana, limeonekana, hakuna wa kusema "kwa mtazamo wangu".

Mlango wa pili ndio wenye utata, yaani usahihishaji upya. Hapa maneno yanafanana kote duniani lakini maana zinatofautiana, na tofauti hiyo ni kubwa.

Katika mfumo wa namna ya Ireland, mtahiniwa wa mtihani wa mwisho wa sekondari akikata rufaa, karatasi yake husahihishwa tena na mtu mwingine kabisa, ambaye hakuigusa mara ya kwanza. England nako palikuwa na mazoea ya karibu na hayo, lakini mwaka 2016 msimamizi wa mitihani wa nchi hiyo, Ofqual, alibadilisha kanuni. Tangu hapo anayepitia upya haulizwi yeye angetoa alama ngapi. Anaulizwa kama alama iliyotolewa ni kosa la usahihishaji, yaani alama ambayo msahihishaji anayefuata mwongozo kwa busara asingeweza kuitoa.

Tuione kwa karibu. Swali la insha linasema jibu lenye hoja iliyoungwa mkono na mfano lipate alama 5 au 6. Msahihishaji wa kwanza alitoa 5. Anayepitia anasoma, anaona mfano uliotolewa ni mzuri, yeye angeandika 6. Kwa kanuni ya England, 5 inabaki, kwa sababu mwongozo unairuhusu. Lakini kama wa kwanza alitoa 3, na mfano upo hapo hapo kwenye mstari wa nane, hiyo haiwezi kutetewa, inabadilishwa.

Wapo wanaosema kanuni hii ni ngao ya kuzilinda bodi. Nawaelewa, ila nadhani wanakosea kwa kiasi. Ukimpa kila anayelipa ada nafasi ya kusomwa na jicho la pili, na jicho hilo likawa na uhuru wote, utakuwa umemuuzia bahati nasibu. Mwenye fedha anacheza mara mbili, asiye nazo anabaki na matokeo ya mchezo wa kwanza. Kinachonikera mimi ni kitu kingine: alama moja ile ile, 5 au 6, ambayo kanuni inasema zote ni halali, inaweza kuwa ndiyo inayomtenganisha mtu na nafasi ya chuo. Kanuni inatenda haki kwa kundi zima la watahiniwa, na mtu mmoja anabaki nje ya geti bila yeyote kuwa amekosea.

Kwamba wasahihishaji wawili waaminifu hutofautiana si siri mpya. Mwaka 1912, huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott walituma nakala za karatasi zilezile mbili za somo la Kiingereza katika shule nyingi, wakapata majibu ya walimu 142. Karatasi moja ilipewa alama kuanzia 64 hadi 98 kati ya 100. Waliosema tatizo ni insha walinyamazishwa mwaka uliofuata, wawili hao walipotuma karatasi ya jiometria na alama zikatawanyika zaidi. Leo mwongozo na mafunzo vimepunguza pengo hilo sana, lakini halijafungwa. Uchambuzi uliochapishwa na Ofqual mwaka 2018 ulikadiria uwezekano wa mtahiniwa kupewa daraja lilelile ambalo msahihishaji mkuu angempa. Kwa hisabati ulikuwa kama 0.96. Kwa lugha na fasihi ya Kiingereza ulikuwa kama 0.52. Miaka miwili baadaye Glenys Stacey, aliyekuwa akiiongoza taasisi hiyo, aliiambia kamati ya bunge kwamba madaraja ni ya kuaminika kwa tofauti ya daraja moja juu au chini. Ni kauli ambayo ingestahili kuchapwa nyuma ya kila cheti.

Sasa unganisha mambo hayo mawili na utaona fumbo linalowachanganya wazazi. Somo ambalo wasahihishaji hutofautiana zaidi ndilo ambalo tofauti yao ni vigumu zaidi kuiita kosa. Kwenye hisabati, alama ya hatua ama ipo ama haipo, na ikikosewa unaweza kuweka kidole juu yake. Kwenye insha ya historia unaweza kuwa na hakika kwamba ulionewa, na hakika hiyo isikusaidie chochote, kwa kuwa mwongozo uliacha nafasi ya kuonewa kidogo au kupendelewa kidogo. Kwa masomo ya namna hiyo, rufaa yenye nguvu hutafuta pale ambapo msahihishaji alitoka nje ya mwongozo: kigezo ambacho hakukipa alama kabisa, hoja aliyoiita "haipo" na iko, adhabu ya tahajia aliyoitoa kwenye swali ambalo mwongozo hauzungumzii tahajia.

Na hayo yote huwezi kuyajua bila kuiona karatasi yako.

Haki ya kuiona ilipatikana kwa shida. India, mwaka 1984, Mahakama ya Juu iliunga mkono kanuni ya bodi moja ya jimbo la Maharashtra iliyowazuia watahiniwa kukagua majibu yao au kudai yasahihishwe upya. Miaka 27 baadaye, mwaka 2011, mahakama hiyohiyo iliamua katika kesi ya bodi kuu ya elimu ya sekondari ya nchi hiyo, CBSE, kwamba, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005, mtahiniwa ana haki ya kuona karatasi yake iliyosahihishwa na kupata nakala. Mahakama haikumpa kwa sheria hiyo haki ya kusahihishiwa upya, na majina ya wasahihishaji yakaendelea kulindwa. Ilimpa macho tu. Lakini mwenye macho huuliza maswali tofauti na anayepapasa.

Ulaya njia ilikuwa nyingine. Mwanafunzi mmoja wa uhasibu nchini Ireland alifeli mtihani, akaomba nakala ya karatasi yake akidai kwamba maandishi yake ni taarifa zake binafsi. Akakataliwa, akapanda ngazi za mahakama, na tarehe 20 Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikakubaliana naye: majibu ya mtahiniwa, pamoja na maoni ya msahihishaji yaliyoandikwa pembeni, ni taarifa binafsi za mtahiniwa huyo. Majaji waliongeza jambo ambalo kila anayefikiria rufaa angefaa kulisoma. Sheria inampa mtu haki ya kurekebishiwa taarifa zisizo sahihi, lakini hiyo haimpi nafasi ya kurudi kusahihisha jibu alilolikosea. Jibu baya ni kumbukumbu sahihi ya kile alichokijua siku ile. Kinachoweza kurekebishwa ni mfano wa karatasi zilizochanganywa ukapewa majibu ya mwenzako, au kurasa zilizopotea.

Ukishapata nakala, usiisome peke yako ukiwa na hasira. Mpelekee mwalimu wa somo, na hapa kuna hila ndogo yenye faida kubwa: mpe nakala ambayo alama zimefunikwa. Mwache asahihishe kwa kalamu ya risasi akifuata mwongozo, kipengele kwa kipengele, bila kujua mwenzake alitoa ngapi. Mwalimu aliyekwisha kuambiwa "walimpa 41, tunaona ni dhuluma" ataona dhuluma. Mkikaa baadaye kulinganisha, hesabuni mahali penye tofauti na muulizane kwa kila pahali: hii ni tofauti ya mtazamo, au ni kosa? Mara nyingi tofauti kumi zitabaki mbili. Hizo mbili ndizo rufaa yako.

Mbili zinatosha? Inategemea umbali wako na mpaka wa daraja. Tuseme daraja unalolitaka linaanzia 68, ulilonalo linaanzia 58, na umepata 67. Alama moja tu inakuvusha, na ukipoteza hata tano bado uko ndani ya daraja lako. Hapo hesabu iko upande wako. Lakini ukiwa na 59, unahitaji alama tisa kupanda, na mbili tu zikiondolewa unaanguka daraja zima. Ndiyo, zinaweza kuondolewa. Katika mitihani ya England, na katika ile ya kimataifa ya International Baccalaureate (IB), alama zikipitiwa upya zinaweza kupanda, kubaki au kushuka, na daraja hushuka nazo. Msahihishaji wa pili anayeikuta alama uliyopewa kwa ukarimu usiostahili halazimiki kufumba macho. Kuhusu fedha, mazoea ya bodi hizo ni kutotoza ada, au kuirudisha, endapo daraja limebadilika. Mambo yasipobadilika, ada imekwenda.

Sasa barua yenyewe. Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Tunaomba kwa unyenyekevu karatasi hii isomwe tena kwa makini, kwa kuwa alama 41 haziakisi uwezo wa mtahiniwa, ambaye katika majaribio mawili alipata zaidi ya 60." Ya pili: "Swali la 3(b), ukurasa wa 6. Mwongozo unatoa alama 2 kwa kutaja sababu na alama 2 kwa kuifafanua. Sababu imetajwa mstari wa 4 na ufafanuzi uko mstari wa 5 hadi 9. Alama iliyotolewa ni 1. Tunaomba ielezwe ni kigezo kipi hakikutimizwa." Ya pili haina unyenyekevu mwingi wala malalamiko, na inamlazimisha msomaji afungue ukurasa wa 6. Hawezi kuijibu kwa sentensi ya jumla bila kuonekana amekwepa. Alama za majaribio ziache kabatini. Zina kazi moja tu, kukushawishi wewe mwenyewe kwamba inafaa kuomba nakala.

Kuna mambo ambayo rufaa haiyashiki kabisa, hata yakiandikwa vizuri namna gani. Uliugua siku ya mtihani, au ulifiwa wiki ile? Hilo lina utaratibu wake, na kwa kawaida hudaiwa karibu na siku ya mtihani, siyo baada ya kuona matokeo. Hata likikubaliwa, huwa ni nyongeza ndogo. England kiwango cha juu kabisa ni asilimia 5 ya alama za karatasi husika, na hutolewa kwa masaibu mazito tu. Mpaka wa daraja wenyewe nao haukatiwi rufaa na mtu mmoja, kwani umewekwa kwa watahiniwa wote. Na kazi za mradi zilizosahihishwa shuleni kisha zikasawazishwa na bodi ni tatizo la shule: bodi ilichukua sampuli ya kundi, ikapandisha au kushusha kundi, hivyo ni shule inayoweza kuomba usawazishaji huo upitiwe.

Mitihani ya ndani ya shule ni hadithi fupi zaidi. Unaanza na mwalimu, unakwenda kwa mkuu wa idara au mkuu wa shule, na kama kuna kamati unaifikia. Swali ni lilelile: vigezo vilivyotangazwa vilifuatwa?

Tuseme majibu ya mapitio yamekuja na hujaridhika. Mifumo mingi ina ngazi ya juu, na hapo mlango unazidi kuwa mwembamba. Wanaokaa katika ngazi hiyo kwa kawaida hawasahihishi tena. Wanaangalia kama waliopitia walifuata taratibu zao na kama uamuzi wao unatetewa na mwongozo. England ngazi ya mwisho iko kwa Ofqual mwenyewe. Mahakama huja baada ya hapo, na majaji wa nchi nyingi hawapendi kushika kalamu nyekundu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1985, katika kesi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwamba majaji wanapoombwa kupima uamuzi wa kitaaluma waheshimu sana maamuzi ya wataalamu wa fani hiyo. Jaji atasikiliza ukimwambia ulinyimwa haki ya kusikilizwa, au msahihishaji alikuwa na uhasama nawe. Ukimwambia insha yako ilikuwa nzuri, atakutakia siku njema.

Kuna mwaka mmoja ulioonyesha kikomo cha utaratibu huu wote. Mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona, Scotland na England zilitoa madaraja bila karatasi za majibu. Walimu walikadiria, kisha hesabu ya kitakwimu ikarekebisha makadirio yao, ikitazama pamoja na mengine historia ya matokeo ya shule. Scotland, matokeo yapatayo 124,000 yalishushwa. England, karibu asilimia 40 ya makadirio ya walimu katika mtihani wa mwisho wa sekondari yalishushwa. Wanafunzi wakaambiwa kuna rufaa. Lakini rufaa ya nini? Hapakuwa na ukurasa wa 6, hapakuwa na msahihishaji aliyesahau kuhesabu 2, na kompyuta ilikuwa imefuata fomula yake bila kukosea hata tarakimu. Aliyesoma kwa bidii katika shule yenye historia ya matokeo duni hakuwa na kosa la kuonyesha, kwa kuwa kilichomshusha kilikuwa kanuni yenyewe. Rufaa imeundwa kumkamata msahihishaji aliyetoka nje ya mstari; mstari wenyewe ukiwa umepinda, haina pa kushika. Watu wakaingia barabarani na mabango. Scotland ilirudisha makadirio ya walimu tarehe 11 Agosti, England ikafuata tarehe 17.

Katika mwaka wa kawaida hakuna mabango, kuna kalenda. Muda wa kuomba nakala ni mfupi, muda wa kuomba mapitio ni mfupi, na mwenye nafasi ya chuo inayosubiri daraja hupewa wakati mwingine foleni ya haraka ambayo hufungwa mapema kuliko zote. Mara nyingi maombi hupitia shuleni, si kwa mzazi moja kwa moja, kwa hiyo mtu wa kumpigia simu siku ya matokeo ni msimamizi wa mitihani wa shule. Atakupa fomu. Chini yake kuna sehemu ya kukubali kwamba alama zinaweza kushuka. Baba akinyoosha mkono aijaze, ataambiwa ampe mtoto kalamu, maana sahihi inayotakiwa pale ni ya mtahiniwa.